Mbwa wa Nyumbani ni wa Nani?



Wapendwa wasomaji, katika mafundisho ya ndoa tunayotoa hapa Manga, vijana wanaojiandaa kufunga ndoa huniuliza habari za fedha, wakwe, idadi ya watoto na mipaka ya shamba. Habari za mbwa hawaulizi. Mimi nami sikuuliza nilipooa. Lakini kati ya ugomvi wote ulioingia nyumbani mwangu, ule uliotufanya tusisemezane kwa wiki mbili ulianza na mbwa. Huenda wengine wenu mnacheka. Nawaomba mngojee mpaka mwisho wa somo.

YALIYONIPATA

Tulikuwa tumeibiwa kuku mara mbili. Siku moja, nikitoka kigangoni, rafiki yangu alinipa mtoto wa mbwa. Nikamtia kikapuni, nikamleta nyumbani. Mke wangu akaniuliza, "Mzee, huyu atakula nini?" Nikamjibu, "Mbwa hula mabaki." Akanyamaza. Mimi nikahesabu kunyamaza kwake kuwa amekubali.

Tangu siku hiyo mimi nilikuwa mwenye mbwa, na mke wangu akawa mwenye kazi ya mbwa. Katika nyumba yenye watoto wanne, ugali haubaki mwingi. Mbwa akakua na njaa, na mbwa mwenye njaa hatulii nyumbani. Nanyi mnajua jinsi maboma yetu ya Gusii yalivyobanana. Akivuka mistari michache ya majani chai, tayari yuko uani kwa jirani. Akala mayai ya huyu, akabeba kifaranga cha yule. Malalamiko yote yalimfikia mke wangu, kwa maana mimi nilikuwa kigangoni nikifundisha watu upendo wa jirani. Mara mbili watu wa mifugo walitangaza siku ya kuchanja mbwa sokoni. Mara zote mbili nilisema sina nafasi.

Mwishoni nikaamua kumaliza jambo hilo peke yangu. Jioni moja nilimtia mbwa guniani, nikamfunga nyuma ya baiskeli, nikaenda kumfungulia katika soko la mbali. Watoto walimtafuta siku tatu. Nikawaambia amepotea. Huo ulikuwa uongo, tena uongo wa katekista.

Siku ya tano akarudi, amekonda, ana jeraha shingoni la kupigana na mbwa wengine. Watoto walishangilia. Wiki iliyofuata akamuuma mtoto wa jirani ndama ya mguu, mvulana wa darasa la pili aliyekuwa akitoka shule.

Watu walikusanyika. Mmoja alitaka kidonda kipakwe pilipili, mwingine akataka majani ya dawa. Mke wangu hakusikiliza mtu. Alimshika mtoto, akakiosha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa muda mrefu, kisha tukampeleka hospitali. Alichomwa sindano tano ndani ya wiki nne. Bonasi ya chai ya mwaka ule, tuliyokuwa tumeipangia mabati, ikaishia kwenye dawa na nauli. Daktari wa mifugo akatuambia tumfunge mbwa na kumchunguza siku kumi. Siku kumi zikapita, mbwa akabaki mzima. Hakuwa na kichaa. Lakini usiku ule wa kwanza mimi sikulijua hilo, wala mama wa mtoto hakulijua.

Tuliporudi nyumbani mke wangu alisema neno moja tu: "Ulimleta bila kuniuliza, ukamtupa bila kuniuliza." Hakuwa akisema habari za mbwa peke yake. Ilinichukua wiki mbili kukiri kwamba ana haki.

KICHAA CHA MBWA SI MCHEZO

Ugonjwa wa kichaa cha mbwa umejulikana nchini Kenya tangu mwaka 1912, ulipothibitishwa kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi. Virusi vyake hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa na huingia mwilini kwa kuumwa, au mate hayo yakigusa mchubuko. Baada ya kuumwa, mtu anaweza kukaa miezi miwili au mitatu akijiona mzima. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na karibu wote huwa wameambukizwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaokufa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Habari njema ni kwamba kinga ipo. Mwaka 1885 huko Ufaransa, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mvulana wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akaishi. Leo mtu akiumwa, kwanza kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Bora zaidi ni kumchanja mbwa mwenyewe. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifikia miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mwaka 2014 serikali yetu ilitoa mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa wanadamu ifikapo mwaka 2030. Mpango huo hauwezi kufaulu ikiwa kila baba wa nyumba atasema kama mimi, "Sina nafasi." Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

JE, KUNA MAHALI PA KUMPELEKA?

Msomaji anaweza kusema, "Nikichoka na mbwa nitampeleka kwa wanaotunza wanyama." Nairobi kuna shirika la KSPCA, lililoanzishwa mwaka 1910, ambalo hupokea wanyama walioteswa na kutupwa, huwatibu na kuwatafutia wenyeji wapya. Ni kazi njema. Lakini kutoka Manga hadi Nairobi ni safari ya kutwa nzima, na ni nani atakayemlipia mbwa nauli?

Hata anayekaa karibu na makao ya namna hiyo afahamu ukweli. Vibanda vina idadi. Mtoto wa mbwa hupata mwenyeji upesi, bali mbwa mzee, mgonjwa au mwenye tabia ya kuuma anaweza kungoja miezi bila kuchukuliwa. Marekani ni nchi tajiri yenye makao mengi sana. Kwa hesabu ya mwaka 2019 ya shirika la huko liitwalo ASPCA, mbwa na paka wapatao milioni 6.3 waliingia katika makao hayo kwa mwaka, na kama 920,000 waliuawa. Ikiwa huko nafasi haitoshi, sembuse kwetu?

Kwa hiyo anayesema "nimemwachilia tu" ajue kwamba amemhamishia mwingine mzigo. Ataubeba mama wa kuku katika soko la mbali, au mtoto anayetoka shule. Tena Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inahesabu kumtelekeza mnyama ateseke kuwa kosa.

MAANDIKO NA MAFUNDISHO YA KANISA

Katika Biblia yetu tunacho Kitabu cha Tobiti, ambacho wanandoa Wakatoliki wanakipenda kwa ajili ya sala ya Tobia na Sara usiku wa arusi. Someni tena sura ya 6 na ya 11. Tobia aliposafiri na malaika Rafaeli, mbwa alifuatana nao, na waliporudi mbwa alikuwa bado pamoja nao. Katika safari iliyoleta ndoa, hata mbwa hakuachwa njiani.

Mithali 12:10 inatufundisha kwamba mtu mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake. Na Kutoka 21:29 inasema habari za ng'ombe mwenye desturi ya kupiga watu pembe: mwenyewe akiwa ameonywa asimzuie, lawama ni yake. Nami nilikuwa nimeonywa na majirani mara nyingi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416 hadi 2418, inafundisha kwamba wanyama ni viumbe wa Mungu na tunapaswa kuwatendea wema, wala si haki kuwatesa au kuwaua bila sababu. Papo hapo inatuonya tusiwatumilie wanyama fedha zinazopasa kuwasaidia kwanza wanadamu wenye dhiki. Basi hatuambiwi tumnunulie mbwa nyama huku watoto wakilala njaa. Tunaambiwa tusimchukue ikiwa hatuwezi kumtunza.

SHAURI KWA WANANDOA

Kabla ya kuleta mbwa, kaeni wawili mkubaliane. Mbwa huishi miaka kumi au zaidi, yaani tangu mtoto wenu anapoanza nasari hadi anapokaribia sekondari. Ni nani atakayemlisha, na kwa chakula gani? Atafungwa au kufungiwa wapi mchana, watoto wa watu wanapopita? Nani atampeleka kwenye chanjo? Akiwa jike, je, mtamwita daktari wa mifugo amfunge uzazi? Mbwa jike hubeba mimba miezi miwili tu, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Watoto wale ndio wanaotupwa sokoni. Mkiona hamwezi, mkataeni kwa heshima. Taa na kufuli nzuri pia hulinda kuku.

Ikiwa tayari mnaye na mmeshindwa, semeni ukweli. Tafuteni mtu anayemtaka kwa moyo wake, mwambieni tabia zote za mbwa, mpeni na cheti cha chanjo. Akiwa mgonjwa wa kutopona au mkali kupita kiasi, mwiteni daktari wa mifugo. Msitumie sumu, wala gunia, wala usiku. Watoto waelezeni yaliyo kweli. Mtoto anayemwona baba akitupa kwa siri kile kilichomchosha, anajifunza kwamba kinachochosha hutupwa. Siku moja tutazeeka, nasi tutachosha watu.

Yule mbwa wetu alikaa miaka sita zaidi. Alichanjwa kila mwaka, na mchana alifungwa nyuma ya zizi. Mimi ndimi niliyekuwa nikimpa chakula jioni. Mke wangu hakuwahi kumpenda sana, lakini hakuulizwa tena na jirani jambo nisilomwambia mimi kwanza.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA NDOGO

1. Je, ni jambo gani nyumbani mwetu ambalo mmoja aliamua, na mwingine anabeba kazi yake?
2. Mwenzangu akinyamaza, je, huwa namuuliza anamaanisha nini?
3. Mbwa wetu alichanjwa lini mara ya mwisho? Na wa jirani je?
4. Jumuiya yetu inaweza kufanya nini ili siku ya chanjo isipite bure?

Mungu azibariki familia zenu, na vyote alivyoviweka chini ya mikono yenu. Amina.