Onja Mnazi kwa Saa Yake

Ukivuka Daraja la Nyali kuja Kongowea, kupata mnazi si kazi. Ulizia mangwe ya karibu, yaani kilabu cha mnazi, utaonyeshwa. Ila ukifika, usianze na bei. Anza na saa: "Huu umegemwa lini?" Jibu la swali hilo ndilo litakalokuambia unakwenda kunywa nini.

Mnazi hausubiri mtu. Mgema hupanda asubuhi na jioni, akakata karara, utomvu ukadondoka kibuyuni, na hapo hapo ukaanza kuchacha wenyewe. Katika nyumba ya watawa ya Orval, Ubelgiji, hupikwa bia ambayo wapenzi wake huiweka hata mwaka mzima, makusudi, ili ladha igeuke. Mnazi hugeuka ndani ya siku moja. Tumia nafasi hiyo.

Onja wa asubuhi kwanza: mtamu, mwepesi, ulevi wake mdogo. Kufika alasiri utamu umepungua, uchachu umeingia, ulimi unachomwachomwa. Mimi huo ndio wangu. Jioni unakuwa mkali, nao uliolala waachie wazoefu.

Usikimbilie mrija. Kichujio chake kinazuia wadudu na takataka, sawa, lakini kinakunyima kuona na kunusa. Omba kidogo kwenye glasi. Utazame: uwe mweupe kama tui jepesi, na povu linalojitunga lenyewe. Sogeza glasi sikioni. Mnazi mzima utausikia ukichachatika. Nusa. Kisha piga funda dogo, lizungushe mdomoni, meza taratibu.

Methali ya mgema anayesifiwa akatia tembo maji haikutungwa bure. Ukiona mnazi umekuwa mwepesi mno, hauna povu, na utamu wake ni wa sukari inayonata midomoni, rudisha, omba mwingine. Ukinusa harufu ya spiriti, inuka uende zako. Hapo hakuna mjadala.

Ukimpata muuzaji mkweli, shikamana naye. Mwulize mnazi wake unatoka wapi, Rabai, Kaloleni au Mtwapa, na unafika saa ngapi. Ukimzoea, atakuwekea ule unaoupenda.

Usinywe na njaa. Agiza muhogo wa kuchoma wenye chumvi, ndimu na pilipili, au pweza. Chumvi na ndimu huufanya utamu wa mnazi utokeze zaidi. Na kunywa polepole, maana mnazi hudanganya: unashuka kama maji, halafu unakukuta ukisimama. Pikipiki yako iache nyumbani. Na kama hujatimiza miaka 18, subiri.

Umebaki? Usiufunge kwenye chupa ukakaza kifuniko, gesi itaipasua. Mimina kwenye chupa safi ya kioo, funika mdomo kwa kitambaa, weka kivulini. Uonje kila baada ya siku chache. Ukishakuwa mkali wa kukukunja uso, uchuje: hiyo ni siki, tayari kwa kachumbari na achari.