Ungua na Unguza

Tuzichunguze sentensi hizi, tulizotoka nazo katika mkahawa mmoja wa piza mjini Kampala, wenye tanuri la kuni na wateja tele, baada ya mlo wa mchana uliotusikitisha:

(a) Piza imeungua.
(b) Mpishi ameunguza piza.
(c) Piza imeunguzwa.

Mhudumu alitamka (a). Sisi wenye njaa tuliwaza (b). Kitenzi ungua hakichukui yambwa wala hakimtaji mtenda, hivyo lawama huishia kwenye piza yenyewe. Kiambishi -z- cha kauli ya kutendesha humleta mtenda. Katika (c) mtenda hatajwi, lakini -w- yadokeza kwamba yupo.

Wanachuo wengi huandika *Mpishi ameungua piza, sentensi inayomtia motoni mpishi mwenyewe!

Mhudumu, hata hivyo, hakusema uongo. Piza ya mtindo wa Napoli huiva kwa sekunde 60 hadi 90 tu. Mpishi aliyezongwa na wateja akichelewa kidogo kuigeuza, ukingo huungua.

Zoezi: Linganisha Soda imemwagika na Mhudumu amemwaga soda. Mteja angechagua ipi, na kwa nini?