Dondoo muhimu: Mwaka wa kujitolea mjini Kitui

Umepata kazi ya kujitolea mjini Kitui, na posho ni ndogo? Anza na haya.

1. Kabla ya kulipa kodi, uliza maji ya mfereji hufika siku gani. Usitosheke na jibu la mwenye nyumba, waulize wapangaji.

2. Nunua mitungi minne ya lita 20 yenye vifuniko kabla hujanunua kiti. Maji ya kunywa yachemshe, hata yakionekana maangavu.

3. Uliza kama mita ya stima ni yako peke yako. Ukishiriki na jirani mwenye pasi na heta, utajuta.

4. Jifunze salamu ya Kikamba "Wĩ mũseo?" na kuitikia "Nĩ mũseo." Salimu kwanza, shida baadaye. Kosa kubwa la wageni ni kuingia ofisini na maswali tu.

5. Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, hushibisha kwa bei nafuu. Loweka usiku, la sivyo gesi yote itaishia kwenye sufuria moja.

6. Ukitumwa mashinani, tuseme kule Tulia, uliza saa ya matatu ya mwisho kabla hujashuka. Bodaboda ya usiku ni ghali. Patana kabla ya kupanda, na udai helmeti.

7. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo wakulima hutegemea zaidi. Usiitishe mkutano wa kijiji asubuhi ya kupanda, utahutubia viti.

8. Lala ndani ya neti.

9. Posho ikichelewa, usikope kwa simu. Mweleze mwenye nyumba mapema, kabla ya tarehe ya kodi.