Wanajua Pa Kukushika

Wadogo zangu, barua zenu safari hii zinafanana, japo kila mmoja anadhani yake ni ya peke yake. Yupo aliyetuma hela kwa tapeli. Yupo aliyekopa kwenye simu na sasa ukoo mzima umejua. Yupo anayeishi na mwanaume anayemwambia kila siku kwamba amechanganyikiwa, hata na yeye ameanza kuamini. Na wote mnamalizia na swali moja: "Dada, hivi nilikuwa mjinga kiasi gani?"

Hukuwa mjinga. Naomba tukae hapo kwanza, maana usipoliamini hilo, ushauri wangu mwingine hautakufaa kitu.

Anayetaka kukuchezea akili mara nyingi haanzi na uongo. Anaanza na jambo la kweli lililomo ndani yako: hamu ya kuheshimiwa, hofu ya kubaki nyuma, mapenzi, imani, deni unalodaiwa kweli. Uongo anaupachika baadaye, wakati moyo wako umeshakubali.

Mfano ambao sichoki kuusimulia ni wa Marekani, mwaka 1929. Kampuni ya American Tobacco, watengenezaji wa sigara za Lucky Strike, walikuwa na tatizo: ilikuwa aibu mwanamke kuvuta sigara hadharani, na kwa hiyo nusu ya wateja walikuwa wanawapita hivi hivi. Wakamwendea Edward Bernays, mpwa wa Sigmund Freud, mtaalamu wa kuongoza fikra za watu. Bernays hakuanza kwa kusifia tumbaku. Alimuuliza daktari wa nafsi, A. A. Brill, sigara ina maana gani kwa mwanamke, akajibiwa kwamba inaweza kuwa mwenge wa uhuru. Basi siku ya Pasaka, watu wamejaa barabara ya Fifth Avenue jijini New York, wakatokea mabinti waliopangwa, wakawasha sigara mbele ya wapiga picha ambao walikuwa wameshadokezwa kwamba leo kutakuwa na jambo. Magazeti yakaandika habari ya wanawake wanaodai haki yao. Kampuni iliyokuwa nyuma ya pazia watu hawakuiona.

Sasa angalieni. Wanawake wa Marekani walikuwa wamepata haki ya kupiga kura nchi nzima mwaka 1920 tu. Kiu yao ya usawa ilikuwa ya kweli na ya haki kabisa. Bernays aliichukua kiu hiyo, akawapa moshi waunywe. Hilo ndilo linaloniuma: alichowachezea kilikuwa kitu chao kizuri.

Ukishauona mchezo huo, utauona kila kona. Tangazo la krimu ya kung'arisha ngozi linakuonyesha binti mweusi anayepitwa na kazi na mchumba, kisha anapaka, kisha anapata vyote. Ulipofungua simu asubuhi ngozi yako haikuwa na tatizo. Kidonda kimetengenezwa pale pale, na dawa ikauzwa pale pale.

Hapa kwetu Tanzania hakuna funzo kubwa kuliko mchezo wa fedha ulioitwa DECI. Mnaokumbuka mwaka 2009 mnajua: watu walipanga foleni "kupanda mbegu" wakingoja "kuvuna", maana ahadi ilikuwa kwamba hela itarudi imezaa. Maneno yalikuwa ya kanisani, na waliokuwa wakiongoza walikuwemo wachungaji. Mama aliyezoea kuamini neno la mchungaji wake angeanzia wapi kutia shaka? Kilichoshikwa ni imani yake, na imani yake haikuwa kosa. Serikali ilipousimamisha mchezo, wengi walikuwa wamepanda na hawajavuna. Wengine wao hawajawahi kuwaambia waume zao kiasi walichoweka.

Hata ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Inatumwa kwa watu wengi bila kuchagua, na katika hao lazima awepo mmoja ambaye asubuhi hiyo alikuwa kweli anajiandaa kumtumia mwenye nyumba kodi. Huyo hakuwa na tamaa. Alikuwa mwaminifu anayelipa anachodaiwa.

Nusu ya pili ya mtego, wadogo zangu, ni aibu, na mikopo ya mtandaoni imeijua kuliko wote. Unapakua programu, inakuomba ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu yako, unakubali kwa sababu mtoto anaumwa na hela inahitajika usiku huo. Siku ukichelewa, mama mkwe anapata ujumbe, bosi anapata, fundi aliyewahi kukuzibia bomba naye anapata. Wakopeshaji hao hawategemei mahakama, wanategemea kwamba utaona bora ukakope kwingine kuliko kudhalilika. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuyapiga marufuku majukwaa na programu 69 za aina hii zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kwa hiyo kabla hujakopa, hakikisha kwanza mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Na programu yoyote inayotaka majina ya ndugu zako kabla ya kukupa hela, ifute.

Nawe uliyeniandikia kuhusu mume wako, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Mwaka 1938 Mwingereza Patrick Hamilton aliandika mchezo wa kuigiza uitwao Gas Light, kuhusu mume anayemfanya mkewe ajione anapoteza akili. Taa za nyumba zinafifia, na mke anaona. Taa zilikuwa zinafifia kweli, na aliyekuwa anazifanya zififie ni mume mwenyewe. Unachoniambia wewe, kwamba anakana maneno aliyoyasema jana na kwamba ameshakukataza kwenda kwa dada yako, ni mambo mawili yanayokwenda pamoja. Anakutoa kwa watu ili asiwepo wa kukuambia, "Hata mimi nilisikia." Tafuta daftari dogo, liweke kwa mtu unayemwamini, na kila jambo likitokea liandikwe humo siku ile ile. Utakapolisoma baada ya wiki chache utajua kama kweli unasahau. Akikutisha au akikugusa, usingoje daftari lijae. Nenda Dawati la Jinsia kwenye kituo cha polisi kilicho karibu.

Ninyi wengine, haraka iwe ndiyo kengele yenu. Ofa inayoisha leo saa sita usiku, mchumba anayetaka jibu sasa hivi, "afisa" anayekukataza kukata simu: wote wanajua kwamba ukilala usiku mmoja, au ukimwambia mtu mmoja, wamekukosa. Kwa hiyo lala, au mwambie mtu. Mtafute mapema, kabla shida haijaja, shangazi au rafiki asiyekucheka, mkubaliane kwamba hela ya kuzidi kiasi fulani haitoki kabla hajasikia habari yake.

Na wewe uliyetuma hela ukanyamaza, huduma kwa wateja wa mtandao wako wanapatikana kwa kupiga 100, na utapeli wa simu unaripotiwa kwa meseji kwenda 15040. Fanya vyote viwili kabla hujaendelea na kazi nyingine, maana tapeli hakai na hela muda mrefu. Ukimaliza, mwambie mumeo. Nakuombea akusikilize, na akianza kwa kukufokea, mpe ukurasa huu asome mwenyewe.