Pembe ya Mkanda: Kunyanyua Mizigo Mizito kwa Usalama

Mikanda ya kunyanyulia mizigo hufumwa kwa nyuzi za polyesta, na rangi yake hutaja uwezo wake: zambarau tani 1, kijani tani 2, njano tani 3, nyekundu tani 5. Rangi husaidia jicho tu. Neno la mwisho ni lebo iliyoshonewa. Na namba ya lebo huhusu mkanda uliovutwa wima. Ukifungwa kwa kitanzi kinachojikaza, mkanda wa tani 2 hubaki na uwezo wa tani 1.6.

Umuhimu wa hesabu hii huonekana Croydon, kusini mwa London. Minara ya 101 George Street, yenye ghorofa 38 na 44, iliyokamilika mwaka 2020, iliundwa kwa vyumba vilivyotengenezwa kiwandani Bedford, vikaja kwa malori na kupandishwa kimoja kimoja kwa kreni. Katika mji wenye reli, tramu na watembea kwa miguu, kosa la kufunga mzigo halibaki ndani ya uzio.

Kosa la hatari zaidi ni pembe, kwa sababu halionekani. Mzigo wa tani 2 ukibebwa na mikanda miwili iliyo wima, kila mmoja huvuta tani 1. Pembe kati yake ikifika digrii 90, kila mmoja huvuta takriban tani 1.4. Ikifika digrii 120, kila mmoja huvuta tani 2, kana kwamba mwenzake hayupo. Hapo ndipo mwisho. Zaidi ya hapo hapanyanyuliwi kitu. Mikanda mirefu zaidi hupunguza pembe, na boriti ya kunyanyulia huiweka mikanda wima.

Adui wa pili ni kona. Hata kona isiyokata kidole hukata mkanda uliokazwa, hivyo huvikwa kinga. Simenti mbichi nayo ina alkali inayoila polyesta. Mkanda uliorushiwa zege huoshwa mara moja.

Kanuni za Uingereza za mwaka 1998 zinataka vifaa hivi vikaguliwe na mtaalamu angalau kila miezi 6. Ukaguzi huo hauondoi ule wa kila siku: mkanda hutandazwa na kupitishwa mkononi kutoka kitanzi hadi kitanzi, kutafuta mchano wa ukingoni, mshono uliofumuka, au sehemu ngumu inayong'aa, dalili kwamba nyuzi ziliyeyuka kwa msuguano. Fundo halifungwi kamwe.

Mzigo huinuliwa sentimita chache, husimamishwa, usawa wake ukatazamwa, ndipo huendelea. Hakuna anayepita chini yake. Hutuliwa juu ya vipande vya mbao ili mkanda utoke bila kuburutwa. Mkanda uliochanika au kupoteza lebo haurudishwi stoo. Hukatwa vipande na kutupwa siku hiyohiyo.