SOMO: Usalama wa Kambi Katika Nchi ya Dubu



Usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1967, katika hifadhi ya Glacier, jimbo la Montana, Marekani, wasichana wawili waliuawa na dubu wakubwa waitwao grizli, kila mmoja mahali pake, mbali na mwenzake. Wote walikuwa na umri wa miaka 19, na wote walikuwa wafanyakazi wa msimu wa hoteli za hifadhini: mmoja wa kufua nguo, mwingine wa dukani. Walikuwa mapumzikoni, wakaenda kupiga kambi. Tangu hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1910, dubu hakuwa ameua mtu humo.

Sababu ilikuwa nini? Karibu na alipolala mmoja palikuwa na nyumba ya wageni ya mlimani, ambako makombo ya jikoni yalimwagwa nje ili wageni wajionee dubu wakila. Upande wa pili, dubu mmoja alikuwa akivamia kambi msimu mzima. Watu walilalamika, hakuna aliyemwondoa. Wenzetu wa mashamba yaliyo karibu na msitu wanamjua nyani aliyezoea kulishwa. Basi mfikirie nyani mwenye kilo 200, ambaye mbio zake hupita kilomita 50 kwa saa.

Kwa hiyo, anayelala katika nchi hiyo apike na kuweka chakula kiasi cha mita 90 kutoka hemani. Chakula kitundikwe juu, mita 3 au zaidi, mbali na shina la mti. Sabuni na dawa ya meno pia, kwani dubu hufuata harufu. Na asilale na nguo alizopikia.

Mwindaji ana hatari zaidi. Yeye hunyemelea kimya, alfajiri, upepo ukimpiga usoni. Kwa njia hiyo hiyo humshtua dubu karibu mno. Akiisha kuua kulungu, damu na matumbo humwita dubu. Nyama iondolewe siku ile ile. Ikibidi kulala porini, itengwe mbali na matumbo, itundikwe mahali panapoonekana toka mbali. Kesho yake arudi akipiga kelele, atazame kwanza. Akikuta dubu ameishika, amwachie.

Mkebe wa kupuliza pilipili ukae kiunoni, si ndani ya mfuko wa mgongoni. Hupulizwa dubu anapokuja mbio, akiwa mita 10 hivi. Usikimbie kamwe. Grizli aliyeshtuka akikukamata, lala kifudifudi, mikono ikikinga shingo, na mzigo ubaki mgongoni. Lakini akikuingilia hemani usiku, pigana naye kwa chochote ulicho nacho: huyo hakushtuka, amekuja kula.

Baada ya vifo vile wakuu wa hifadhi walikomesha umwagaji wa makombo, wageni wakaagizwa kurudi na takataka zao, na kambi zikatengewa mahali pa kupikia na pa kutundika chakula. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo ambayo isingewezekana mwaka mmoja kabla.