Bima ya Gari: Unafuu wa Ada na Kinga Inayonunuliwa

Kwa mmiliki wa gari wa Kata ya Kunduchi, bima nafuu ni ile inayolipa hasara asiyoweza kuibeba mwenyewe.

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye chombo cha moto barabarani awe angalau na bima ya mtu wa tatu, ambayo wengi huiita bima ndogo. Hiyo humfidia anayegongwa. Gari la mwenye bima likiharibika katika Barabara ya Bagamoyo, matengenezo ni juu yake. Bima kubwa hulipa pia ajali, moto na wizi wa gari lenyewe. Kuhusu mafuriko, mikataba hutofautiana, yaulizwe mapema.

Wapo wanaotaja thamani ndogo ili kupunguza ada. Gari la shilingi 10,000,000 likikatiwa bima ya shilingi 6,000,000, hasara ya shilingi 2,000,000 yaweza kulipwa 1,200,000 tu, kwa uwiano uleule. Vilevile, gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi, kisha likabeba abiria kwa nauli, laweza kukosa fidia.

Kabla ya kulipa, mkazi alinganishe bei za kampuni kadhaa. Wakala huuza kwa niaba ya kampuni. Dalali wa bima humwakilisha mteja. Baada ya kulipa, namba ya gari ihakikiwe katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA. Bima isiyoonekana humo iulizwe siku hiyohiyo, kabla gari halijaingia barabarani.